Kasoro ya Ndani ya Fuwele: Tafakuri Kutoka Port Reitz

Baharia wa kale aliyeingia Mombasa kwa upande wa kusini hakuhitaji ramani ili ajue kina cha maji yaliyokuwa mbele yake. Jina la mahali lilimtosha. Kilindini ni penye kilindi, na aliyeijua lugha alijua pia kwamba chombo kizito kingepata pa kuelea. Anayeendelea na maji hayo hayo kuelekea magharibi, akaipita Kipevu, huingia katika mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko ambao ramani huuita Port Reitz. Jina hili halimwambii mkazi wala mgeni lolote kuhusu maji, ardhi wala hatari. Ni jina la Luteni John James Reitz, afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 kuusimamia mji chini ya himaya iliyotangazwa na Kapteni William Owen, naye akafariki kwa homa mwaka uo huo. Maji ni yale yale, majina ni mawili: la kwanza ni taarifa kwa apitaye, la pili ni kumbukumbu ya mtu.

Tofauti hii ya majina si jambo dogo. Port Reitz ya leo imezungukwa na vitu ambavyo mkazi huviona kila siku bila kuelezwa vina nini ndani. Upande mmoja kuna uwanja wa ndege wa Moi. Upande mwingine kuna gati la makontena la Kipevu na gati la mafuta. Changamwe kuna matangi ya kiwanda kilichosafisha mafuta tangu miaka ya 1960 hadi kilipoacha kazi hiyo mwaka 2013. Malori yanayopanda kuelekea Magongo hubeba shehena za Kenya, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Mtoto wa Chaani huweza kuzitambua kampuni za meli kwa rangi za makontena yao kabla hajajua kusoma. Kilichomo ndani ya makontena hayo ni habari nyingine, nayo aghalabu huandikwa kwa lugha isiyozungumzwa nyumbani kwao.

Sehemu ya shehena ipitayo katika bandari yoyote kubwa ya dunia ni fuwele. Neno hili limo katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyochapishwa na TUKI mwaka 1990, lakini wengi waliolisoma darasani hawajapata kulitumia sokoni. Fuwele ni kitu kigumu ambacho chembechembe zake zimejipanga kwa safu zinazojirudia, mithili ya matofali ya ukuta uliojengwa na fundi makini. Chumvi ni fuwele. Sukari ni fuwele. Mbolea ya CAN ambayo mkulima wa Trans Nzoia huinyunyizia mahindi yake imetengenezwa kwa fuwele za amonia naitreti zilizochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, na mojawapo ya sababu za kuichanganya hivyo ni kuipunguzia uwezo wa kulipuka. Hali kadhalika, baruti kali zinazotumika migodini na vitani, nyingi ni fuwele. Hizi ndizo fuwele zenye nishati: ndani ya safu zake kumefungwa nguvu inayoweza kufunguka yote kwa mara moja.

Swali ambalo wataalamu wamekuwa wakijiuliza kwa zaidi ya nusu karne ni hili: kwa nini vipande viwili vya kitu kimoja, vyenye uzito mmoja na utungo mmoja wa kikemia, kimoja hustahimili pigo na kingine hulipuka? Jibu lililokubalika kwa upana lilitolewa na Frank Philip Bowden na Abraham Yoffe wa Chuo Kikuu cha Cambridge, katika kitabu chao cha mwaka 1952. Waliona kwamba pigo halienei sawasawa ndani ya kitu. Nguvu yake hukusanyika katika vituo vidogo mno, vyenye upana wa kati ya sehemu ya kumi ya mikroni na mikroni kumi hivi, ilhali unywele wa binadamu una unene wa makumi ya mikroni. Katika kituo kama hicho joto hupanda kwa ghafla hadi mamia ya digrii. Kikiwa kidogo sana, joto lake humezwa na sehemu zinazokizunguka na mambo huishia hapo. Kikiwa kikubwa kiasi cha kutosha, moto huanza.

Je, vituo hivyo vya joto huzaliwa wapi? Aghalabu huzaliwa penye kasoro. Hakuna fuwele iliyo kamilifu. Inapokua ndani ya kimiminiko, fuwele hukua kwa haraka mahali fulani na kwa uvivu mahali pengine, na katika kukua huko huweza kuumeza mchirizi wa kile kimiminiko ilichozaliwa ndani yake. Huweza pia kuacha tundu tupu, au kupata ufa wakati wa kupoa. Pigo likija, tundu hujifumba kwa nguvu, hewa iliyomo hubanwa, kingo zake husuguana, na joto lote la tukio hilo hujikusanya pale. Kwa hiyo, usalama wa kitu kizima hutegemea mambo ambayo jicho tupu haliwezi kuyaona. Ufaransa na nchi nyingine zimetumia miaka mingi kutengeneza fuwele za baruti zenye kasoro chache zaidi za ndani, kwa lengo hasa la kuzifanya zisilipuke zinapoanguka, zinapopigwa na risasi au zinapokumbwa na mshindo wa mlipuko wa jirani.

Ili kasoro hizo zihesabiwe, sharti kwanza zionekane. Hapa ndipo hadubini inapoingia, na hapa ndipo tatizo linapoanza. Fuwele ikiwekwa chini ya hadubini ya kawaida, mwanga hugonga uso wake na kutawanyika. Mikwaruzo, kona na vumbi la nje hung'aa mno hata ya ndani yakafichika. Hadubini ya elektroni, iliyobuniwa Ujerumani na Ernst Ruska na Max Knoll mwaka 1931, hukuza zaidi, lakini ile inayotumika sana kwa kazi kama hii huonyesha uso tu, tena mnururisho wake waweza kuiharibu fuwele yenyewe. Wataalamu wakarudi kwenye hadubini ya mwanga, wakatumia hila nyepesi. Fuwele huzamishwa katika kimiminiko kinachoupinda mwanga kwa kiasi kile kile ambacho fuwele huupinda. Mwanga hauoni tena mpaka kati ya viwili hivyo. Uso wa fuwele hutoweka kana kwamba haukuwapo, na kinachobaki kikionekana ni kile kisichofanana na fuwele: matundu, vipovu na nyufa zake, vikielea kama madoa meusi katika uwazi.

Binti mmoja mzaliwa wa Port Reitz alijifunza hila hiyo katika mwaka wake wa mwisho wa shahada ya kemia. Hakugusa baruti hata chembe. Wataalamu wenyewe hutumia sukari mahali pa fuwele hatari wanapotaka kuchunguza jinsi fuwele zinavyovunjika, na yeye alipewa sukari na chumvi. Kazi yake ilikuwa kuhesabu vipovu. Alipoirudia nyumba yao wakati wa likizo, baba yake, mzee aliyefanya ukuli miaka mingi katika maghala ya watu mbalimbali, alitaka kujua ada aliyoitafuta kwa mgongo wake ilikuwa imenunua elimu gani.

Binti alianza kueleza kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho alichofundishiwa. Mzee aliinua kiganja.

"Hayo ni ya mwalimu wako, mwanangu. Nipe yangu."

Akajaribu kwa Kiswahili, akakwama mara tatu katika sentensi moja. Si kwamba maneno hayakuwapo. Fuwele alilijua, hadubini alilijua, mwanga na pigo na joto ameyajua tangu utotoni. Kilichokosekana ni mazoea ya kuyaunganisha yakabeba fikira moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwishowe akaingia jikoni, akachukua chumvi ya mawe, akaitupa katika kikaango kilichokuwa motoni. Chumvi ikaanza kuruka na kualika, pa! pa! pa! Mzee akacheka, akasema kuwa hayo ameyaona maisha yake yote.

"Hualika kwa nini, Baba?"

Mzee hakuwa na jibu, na hakuona haya kusema hivyo. Binti akamweleza kuwa ndani ya kila punje mna maji ya bahari yaliyofungiwa wakati chumvi ilipokuwa ikigandana katika mashamba ya chumvi. Maji hayo yakipata moto hugeuka mvuke, mvuke hutafuta njia, na punje hupasuka kutoka ndani. Kisha akatia punje nyingine chache juu ya kipande cha kioo, akazidondoshea mafuta ya karafuu. Mafuta hayo huupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana sana na kile cha chumvi. Akampa mzee kioo cha kukuzia. Kingo za punje zilikuwa zimefifia hata zikakaribia kupotea, na ndani yake, pasipotazamiwa, kulikuwa na vidoadoa vilivyojipanga kwa safu.

Mzee alitazama kwa muda mrefu. Alipoinua uso, hakuuliza habari za chumvi tena. Alikumbuka magunia ya mbolea yaliyokaa ghalani hadi yakagandamana kuwa kama jiwe, nao makuli wakaambiwa wayavunje kwa mitaimbo ili yapakike. Hawakuambiwa ni mbolea ya namna gani, na hapakuwa na aliyeuliza.

"Sasa magunia yale," akasema, "nani alitutazamia ndani yake?"

Swali la mzee huyu lina uzito kuliko alivyojua. Tarehe 21 Septemba 1921, katika kiwanda cha Oppau nchini Ujerumani, mbolea yenye amonia naitreti ndani yake ilikuwa imegandamana, na wafanyakazi wakawa wakiipasua kwa baruti ndogo ndogo, kama walivyokuwa wamefanya mara nyingi bila madhara. Siku hiyo ililipuka na kuua watu zaidi ya 500. Kugandamana huko kuna sababu inayomhusu mkazi wa pwani moja kwa moja. Katika joto la nyuzi 32 hivi za Selsiasi, fuwele ya amonia naitreti hubadili mpango wa safu zake na ujazo wake hubadilika. Ikivuka kipimo hicho mchana na kurudi chini yake usiku, siku baada ya siku, hupata nyufa, hutoa unga, kisha hugandamana. Mombasa ya Februari na Machi huvuka nyuzi 32 mara kwa mara, seuze ndani ya ghala la mabati. Mkulima asiiogope CAN yake kwa sababu ya maelezo haya. Chokaa iliyomo ni kinga, na hata amonia naitreti tupu hailipuki kwa urahisi. Hata hivyo, mwenye kuipokea, kuihifadhi na kuivunja anastahili kujua tabia yake.

Ushahidi wa karibu zaidi ni wa Beirut. Mwaka 2013 meli iitwayo Rhosus ilitoka Batumi, Georgia, ikiwa na tani 2,750 za amonia naitreti. Haikuwa ikienda Lebanoni. Ilikuwa ikienda Beira, Msumbiji, katika bahari hii hii ya Hindi. Ikazuiliwa Beirut, na mwaka 2014 shehena ikashushwa katika ghala namba 12, ikakaa humo hadi tarehe 4 Agosti 2020, moto ulipotokea. Kikosi cha watu kumi, wazimamoto tisa na mhudumu mmoja wa afya, kilitumwa ghalani. Hawakuambiwa kilichomo ndani. Walikufa wote kumi, na pamoja nao zaidi ya watu mia mbili wa mji ule. Kilicholipua shehena ni moto, wala si kasoro za fuwele zilizohesabiwa kwa hadubini. Lakini watu wale kumi waliuona uso wa ghala bila kuonyeshwa ndani yake, na ilhali kulikuwa na maofisa waliokuwa na habari hizo katika makaratasi.

Afrika Mashariki nayo ina makaburi ya namna hiyo. Maghala ya silaha za jeshi yalilipuka Mbagala, Dar es Salaam, tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Katika Mbagala peke yake watu zaidi ya ishirini walipoteza maisha. Jirani ya Port Reitz, wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru walidhuriwa na risasi, ile madini, iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sumu ile haikulipuka. Iliingia polepole, bila mlio, lakini iliwakuta watu katika hali ile ile ya kuishi ubavuni mwa kitu wasichoelezwa ndani yake mna nini.

Basi hapa wanafunzi na walimu wa Kiswahili wana la kufanya. Lugha hii si maskini wa maneno ya kasoro. Zitazamwe tu zile za kila siku. Kasoro ni upungufu, ndiyo maana saa huwa tatu kasorobo. Hivyo tundu tupu ndani ya fuwele ni kasoro kwa maana kamili ya neno, mahali palipopungukiwa. Dosari ni doa linaloharibu kilicho kizuri, nalo lafaa kwa chembe ngeni iliyomezwa na fuwele. Ufa hauhitaji maelezo kwa mtu aliyelelewa na methali ya ufa na ukuta. Hata safu za fuwele zinapohama mahali pake, jambo ambalo wanasayansi watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, walilieleza kila mmoja kwa njia yake mwaka 1934, Kiswahili kina mteguko, neno ambalo mkandaji wa viungo amelitumia tangu zamani kwa mfupa uliotoka katika maungio yake. Nayo hadubini ina ndugu yake darubini, iliyotoka kwa Waajemi, kwao ikiwa na maana ya kuona mbali.

Wapo watakaosema kwamba kazi hiyo ilikwisha kufanywa. Kamusi za istilahi zipo, na tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hoja hii ina ukweli, ila haitoshi. Orodha ya istilahi ni kama punje za chumvi juu ya kioo kikavu: kila moja inang'aa kwa uso wake, na hakuna aonaye ndani. Binti wa Port Reitz aliijua orodha na bado akakwama. Fikira huonekana ndani pale inapozamishwa katika lugha inayolingana na akili ya msikilizaji. Hapo lugha yenyewe hutoweka machoni pake, naye akabaki na jambo lenyewe, kasoro zake zikiwa wazi. Mzee alipoacha kupigana na maneno, swali lake la kwanza lilikuwa ni lile ambalo wakaguzi wa maghala walipaswa kuuliza.

Wapo pia watakaosema kwamba lugha haizimi moto. Ni kweli, haizimi. Lakini humpa mtu nafasi ya kuuliza kabla ya moto, na humwondolea mwenye dhamana kisingizio cha kwamba waliohusika wasingeelewa. Kanuni za kimataifa za kusafirisha bidhaa hatari kwa meli, zilizopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965, zimeweka alama kwa ajili ya kila aina ya hatari: kibandiko cha rangi ya chungwa chenye bomu linalopasuka kwa vilipuzi, na cha manjano chenye mwali juu ya duara kwa vitu vinavyochochea moto, amonia naitreti ikiwamo. Alama hizo hupita barabarani Port Reitz juu ya malori. Ubao mmoja wa Kiswahili katika kituo cha matatu, wenye picha hizo na maelezo ya mistari minne, ni kazi inayoweza kufanywa na chama cha wanafunzi katika muhula mmoja. Kijitabu cha kurasa kumi kwa ajili ya makuli, kikisomwa kwanza na mkemia kisha na kuli mwenyewe, ni tasnifu njema kuliko nyingi zilizolala rafuni.

Binti alimaliza shahada yake. Katika ripoti aliyoiwasilisha kwa Kiingereza, kama kanuni zilivyodai, aliambatisha kurasa tatu za Kiswahili ambazo hakuna aliyemwamuru aziandike. Kurasa hizo hazikupewa alama yoyote, wala hazikukatazwa. Baba yake alizichukua akazipeleka kijiweni, mahali makuli wanapongojea kazi alfajiri, na zikasomwa kwa sauti na aliyejua kusoma vizuri zaidi. Neno lililozua mabishano makubwa lilikuwa mteguko. Wengine walilikataa, wakasema fuwele haina mfupa. Wengine walilitetea. Asubuhi ile, kabla lori la kwanza halijafika, watu waliokuwa wakibeba magunia kwa miaka thelathini walikuwa wakibishana juu ya kilichomo ndani yake.